Boise State 43, Oklahoma 42: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fiesta Bowl ya 2007

Kila mwaka ukikaribia kuisha zile klipu zinaanza kuzunguka tena kwenye simu, jamaa kaficha mpira nyuma ya mgongo, mwingine kapiga goti mbele ya kamera, na maswali ni yaleyale. Basi nimeyakusanya hapa. Kama hujawahi kuangalia futiboli ya Kimarekani anza juu, kama wewe ni mzoefu ruka mpaka sehemu ya mechi yenyewe.

## Msingi kwanza

Hii ni mechi gani hasa?

Ni Fiesta Bowl iliyochezwa tarehe 1 Januari 2007 mjini Glendale, jimbo la Arizona, kati ya chuo cha Boise State kutoka Idaho na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Boise State walishinda 43 kwa 42 baada ya muda wa nyongeza. Watazamaji uwanjani walizidi elfu 73. Ilichezwa usiku wa Marekani, kwa hiyo kwa saa za Dar na Nairobi ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 2 na watu wamelala, ndio maana wengi wetu tumeijulia kwenye klipu.

Mbona wengine wanasema ni mechi ya msimu wa 2006?

Wote wako sawa. Msimu wa vyuo unaanza mwishoni mwa Agosti na unamalizikia Januari, kwa hiyo mechi ni ya msimu wa 2006 lakini kalenda ilishageuka. Ukitafuta video weka 2007.

Bowl maana yake nini, ni kombe?

Bowl ni bakuli, bakuli hilihili la uji. Jina limetokana na umbo la viwanja. Chuo cha Yale walijenga uwanja wa mviringo uliozama kama bakuli mwaka 1914, halafu Pasadena kule California wakajenga wa kwao uliofunguliwa 1922 na kuuita Rose Bowl, na ile mechi ya mwaka mpya iliyokuwa ikichezwa pale ikabeba jina la uwanja. Miji mingine nayo ikaiga, kila mtu akawa na bakuli lake.

Sio kombe la mtoano. Msimu wa kawaida ukiisha timu zilizofanya vizuri zinaalikwa kwenye mechi moja moja, unacheza, unashinda au unafungwa, unaenda nyumbani. Enzi hizo bowl chache kubwa ndizo zilikuwa na heshima ya juu na Fiesta ilikuwa mojawapo. Fainali ya ubingwa ilikuwa kitu tofauti, angalia chini kwenye swali la kwa nini Boise hawakupewa ubingwa.

Sijui sheria hata moja, nitaelewaje?

Unahitaji mambo machache tu, mengine utayaokota njiani. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, yani kama mita 9 hivi. Ukizipata unaanza upya na majaribio mengine 4, ukizikosa mpira ni wa wenzako. Kwa hiyo ukisikia "ya 4 na 18" ujue ni jaribio la mwisho na bado wanadaiwa yadi 18, ni hali mbaya hiyo.

Kuingia na mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani ni tachidauni, pointi 6. Baada ya hapo unachagua, upige kiki ya pointi 1 ambayo mara nyingi sana inaingia, au ujaribu kuingia tena kutoka karibu kwa pointi 2 ambayo ni kama kurusha shilingi juu. Kiki ya kawaida ya kupitisha kati ya nguzo ni 3. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila unapoanzishwa na kuamua autupe au ampe mtu akimbie nao. Na kitu kimoja watu wa raga watakipenda, kurusha mpira mbele inaruhusiwa mara moja tu kwa kila jaribio, lakini kurusha nyuma au pembeni unaweza muda wowote. Hilo lishike vizuri, linarudi.

Kwani wanafunzi wa chuo ndio wanajaza uwanja watu elfu 70?

Ndio, na zaidi. Uwanja wa chuo cha Michigan unaingiza watu zaidi ya laki moja wakati Benjamin Mkapa pale Dar ni elfu 60. Kuna majimbo mazima hayana timu ya kulipwa kwa hiyo chuo ndio Simba yao na Yanga yao kwa pamoja. Idaho ni mojawapo, na Oklahoma mwanzoni mwa 2007 hali ilikuwa hiyohiyo kwa futiboli.

Walilipwa shilingi ngapi?

Mshahara haukuwepo. Wakati ule mchezaji alipata ada, chumba na chakula basi, wakati kocha na televisheni wanavuna. Ruhusa ya wachezaji kulipwa kwa matangazo na majina yao ilikuja Julai 2021, miaka 14 baadaye. Kwa jinsi klipu za usiku ule zilivyochezwa, wale vijana wangekuwa na nyumba.

## Timu zenyewe

Boise ni wapi na kwa nini watu waliwadharau?

Boise ndio mji mkuu wa Idaho, kaskazini magharibi, nchi ya milima na viazi. Chuo kilianza 1932 kama chuo kidogo cha miaka miwili na timu ilipanda daraja la juu la vyuo mwaka 1996 tu. Yani ilikuwa na miaka kumi pale juu. Walicheza kwenye ligi ya WAC ambayo wakubwa waliiona kama ligi ya mchangani, kwa hiyo hata walipomaliza msimu bila kufungwa, mechi 12 ushindi 12, bado watu wakasema sawa lakini mmemfunga nani.

Kocha alikuwa Chris Petersen, msimu wake wa kwanza kabisa kama kocha mkuu. Kwotabeki Jared Zabransky, mkimbiaji Ian Johnson. Ian huyu alikuwa na mambo yake, anafuma kofia kwa mkono, kweli kabisa, na hakuona haya kusema.

Kwa hiyo mechi ilichezwa kwenye zile nyasi za bluu?

Hapana, hizo ziko nyumbani kwao Boise tangu 1986. Glendale ni nyasi halisi za kijani, na cha ajabu uwanja ule una sinia kubwa ambalo nyasi zote zinatolewa nje kuota jua halafu zinarudishwa ndani siku ya mechi. Ulikuwa mpya, umefunguliwa 2006. Siku hizi unaitwa State Farm Stadium.

Oklahoma walikuwa wakali kweli au wanakuzwa tu?

Walikuwa wakali. Chuo kina mataji 7 ya kitaifa, la mwisho la 2000 chini ya kocha huyuhuyu Bob Stoops, na msimu ule walikuwa mabingwa wa ligi yao, Big 12. Walikuwa na Adrian Peterson, mkimbiaji ambaye alivunjika mfupa wa mtulinga Oktoba na ndio kwanza anarudi.

Lakini niwatendee haki maana hadithi hii huwa inasimuliwa kama Goliathi tu. Agosti ile, msimu haujaanza, walimfukuza kwotabeki waliyemtegemea, ikabidi wamrudishe Paul Thompson ambaye walishamhamisha awe mpokeaji pasi. Na jamaa akawabeba mpaka ubingwa wa ligi. Kwa hiyo nao walikuwa na safari yao.

## Mechi yenyewe

Nani alikuwa anaongoza muda mwingi?

Boise, na hapa ndipo wanaojua klipu tu wanakosea. Hawakuwa wanyonge waliong'ang'ania mpaka dakika ya mwisho wakabahatisha. Walianza 14 kwa 0, mapumziko 21 kwa 10, kipindi cha tatu kati ya vinne Marty Tadman akanasa pasi ya Oklahoma akaenda nayo mpaka mwisho ikawa 28 kwa 10. Mtu wa Oklahoma angeweza kuzima TV akalale.

Halafu Oklahoma wakaanza kurudi kidogo kidogo, Peterson akaingia ikawa 17, kiki ikawa 20, na ukiangalia mechi nzima unaona kabisa vijana wa Boise wanachoka, wanasukumwa, miili inakataa. Kumbuka hilo ukifika kwenye swali la kiki ya pointi 1.

Nini kilitokea kwenye zile sekunde 86 za mwisho?

Pointi 22, ndicho kilichotokea. Twende taratibu.

Imebaki dakika 1 na sekunde 26, Thompson anampa pasi Quentin Chaney, tachidauni, 28 kwa 26. Wanahitaji zile 2. Wakarudia mara 3 kwa sababu ya penalti mpaka Juaquin Iglesias akaudaka, 28 kwa 28. Sawa, Boise wanapata mpira, na kwenye jaribio la kwanza tu Zabransky anatupa pasi moja kwa moja mikononi mwa Marcus Walker wa Oklahoma, huyoo mpaka mwisho. 35 kwa 28, imebaki dakika 1 na sekunde 2. Timu iliyoongoza kwa pointi 18 sasa iko nyuma.

Ukifikiria, Zabransky pale angeweza kuisha. Wangapi tumewaona wakikosea hivyo wanabaki wanaangalia chini mpaka filimbi. Yeye akarudi uwanjani, akasogeza timu mpaka katikati, halafu mambo yakakwama tena, ikawa ya 4 na 18, zimebaki sekunde 18. Hapo sasa.

Ile ya 4 na 18, si mpira ulirushwa mara mbili? Mbona sio faulo?

Kwa sababu ya pili haikwenda mbele. Zabransky alitupa mbele yadi kama 15 kwa Drisan James, mabeki wote wa Oklahoma wakamkimbilia James wamzuie asizifikishe 18, na James wala hakuwa na mpango wa kuzifikisha. Alikuwa anakatiza kuelekea katikati, Jerard Rabb anakuja kasi upande wa pili, James akamwachia mpira pembeni kama mtu wa raga anavyomwachia mwenzake, Rabb akawa peke yake. Yadi 35. Sekunde 7 zimebaki. Kiki, 35 kwa 35.

Ujanja huu ni wa zamani, kila mtoto wa shule Marekani ameujaribu na karibu kila mara unaanguka chini. Kwenye daftari la Boise uliitwa Circus, yani sarakasi. Walichokifanya tofauti ni kuutunza mechi nzima bila kuutumia hata mara moja.

Muda wa nyongeza unaendaje kwenye vyuo?

Hakuna saa. Kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka eneo la mpinzani, inacheza mpaka ifunge au ikwame, halafu zamu ya mwingine. Karibu na matuta ya penalti kuliko dakika 30 za soka.

Oklahoma walianza, wakampa mpira Peterson, jaribio moja, yadi 25 zote, 42 kwa 35. Hakuguswa vizuri hata. Huo ndio ukawa mkimbio wake wa mwisho katika maisha ya chuo.

Zamu ya Boise wakasogea mpaka yadi 5 wakakwama, ya 4 na 2. Zabransky akatoka nafasi yake akaenda pembeni kama hahusiki, mpira ukaanzishwa moja kwa moja kwa Vinny Perretta ambaye si kwotabeki, akakimbia pembeni halafu akamtupia Derek Schouman. Tachidauni. 42 kwa 41.

Kwa nini hawakupiga kiki ya pointi 1 waendelee?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote na jibu langu ni kwamba kiki ndiyo ilikuwa kamari. Angalia kilichotoka kutokea, Peterson kahitaji jaribio moja kufunga, wewe umehitaji mpaka la mwisho na mtu asiye kwotabeki kutupa pasi. Raundi ya pili ingekuwaje? Ya tatu? Timu kubwa ina wachezaji wa akiba wengi na miili mikubwa, kadiri mechi inavyorefuka ndivyo inavyokuwa ya kwao. Petersen alikuwa na nafasi ya kumaliza kwa jaribio moja kutoka karibu, na mfukoni amebakiwa na ujanja mmoja ambao Oklahoma hawajauona. Ungesubiri nini?

Wakikosa, wanafungwa 42 kwa 41 na leo hakuna anayeikumbuka mechi hii nje ya Idaho.

Hebu nielezee ule wa mgongoni, nimeangalia mara kumi sijauona mpira.

Ndio lengo lake usiuone. Unaitwa Sanamu ya Uhuru, kwa sababu kwotabeki anasimama ameinua mkono kama ile sanamu ya New York.

Boise wakapanga wapokeaji 3 upande wa kulia, kila dalili inasema pasi inakwenda kule. Zabransky akapokea mpira, akageukia kulia, akafanya kama anatupa, mkono wa kulia ukaenda mbele kabisa, na watu wa Oklahoma wakauruka ule mkono. Mkono mtupu. Mpira ulikuwa kwenye mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ian Johnson aliyekuwa amesimama kama mlinzi tu akaupitia pale nyuma, kushoto, njia nyeupe, akaingia. 43 kwa 42, mechi imeisha palepale.

Kidokezo ukiangalia tena, usimwangalie Zabransky. Mwangalie Johnson, sekunde ya kwanza anajifanya hana haraka.

Si bahati tu hiyo?

Bahati ni ule mpira wa Walker, ulitupwa vibaya ukamkuta mtu. Mbinu hizi tatu za Boise kila moja ilikuwa imefanyiwa mazoezi, ikafichwa, ikatumiwa mara moja tu, tena pale ambapo mpinzani alikuwa na sababu kubwa ya kuamini kitu kingine. Kwenye ya 4 na 18 kila beki lazima alinde yadi 18. Kwenye yadi 5 kila jicho liko kwa kwotabeki. Mimi naona bahati ya Boise ilikuwa moja, kwamba James hakuangusha mpira.

## Baada ya mechi

Ni kweli alimposa mchumba uwanjani?

Kweli, dakika chache baada ya kufunga, mbele ya kamera za televisheni ya Fox moja kwa moja. Chrissy Popadics alikuwa kiongozi wa machialida, yani wale washangiliaji wa pembeni ya uwanja, wa Boise State. Johnson akapiga goti, binti akakubali. Kichekesho ni kwamba mtangazaji alishaitoboa siri kwa kumwambia najua unataka kumposa, jamaa hata hajafungua mdomo. Mjomba, si ungeacha?

Walioana Julai mwaka huohuo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kabla ya harusi walipokea barua na simu za vitisho, kwa sababu yeye ni mweusi na binti ni mzungu, ikabidi harusi iwekewe ulinzi. Nchi nzima ilishangilia lile goti, lakini si wote.

Kama hawakufungwa mechi hata moja kwa nini hawakuwa mabingwa?

Kwa sababu hakukuwa na njia. Mfumo wa wakati huo, BCS, ulichukua kura na hesabu za kompyuta ukachagua timu 2 tu za fainali. Msimu ule zilikuwa Ohio State na Florida, wakacheza tarehe 8 Januari palepale Glendale, uwanja uleule, Florida wakashinda 41 kwa 14. Baada ya hapo timu pekee ya daraja la juu iliyobaki bila kufungwa ilikuwa Boise State, mechi 13 ushindi 13, na kwenye orodha ya mwisho ya ubora inayopigiwa kura na waandishi wa habari, ya shirika la AP, wakawekwa wa 5. Mpiga kura mmoja tu aliwaweka wa kwanza.

Unashinda kila mechi uliyopangiwa halafu unaambiwa wa 5. Hasira hiyo ni moja ya mambo yaliyosukuma mabadiliko, ingawa taratibu mno, mtoano wa timu 4 ulianza msimu wa 2014 na wa timu 12 msimu wa 2024.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ndogo kuingia bowl kubwa?

Hapana, Utah walitangulia msimu wa 2004 na kushinda Fiesta Bowl hiihii dhidi ya Pittsburgh, 35 kwa 7. Ila ile haikuwa na presha, na Pittsburgh si Oklahoma.

Wachezaji waliishia wapi?

Peterson alichukuliwa na Minnesota Vikings 2007 na mwaka 2012 akakimbia yadi 2,097 na kuwa mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya kulipwa. Zabransky ndiye aliyewekwa kwenye kava la gemu ya video ya NCAA Football 08, lakini NFL hakutoboa, na Johnson naye hakufika mbali kule. Petersen alimaliza Boise na rekodi ya ushindi 92 na kufungwa 12, akahamia Washington mwishoni mwa 2013.

## Maswali ya pembeni

Kwa sheria za leo matokeo yangebadilika?

Hapana. Sheria zilibadilishwa 2021 na sasa raundi ya pili ya nyongeza unalazimika kwenda pointi 2, kuanzia ya tatu mnashindana hizo 2 tu. Raundi ya kwanza bado una hiari, na mechi hii haikuvuka ya kwanza. Petersen angeamua vilevile.

Boise waliwahi kurudi?

Walirudi na kushinda tena Fiesta Bowl mara mbili, 2010 dhidi ya chuo cha TCU 17 kwa 10 na 2014 dhidi ya Arizona 38 kwa 30. Walipoingia mtoano wa timu 12 wakapangiwa robo fainali palepale, tarehe 31 Desemba 2024, wakiwa na Ashton Jeanty aliyemaliza msimu na yadi 2,601. Penn State wakawafunga 31 kwa 14. Hakuna ujanja uliofua dafu siku hiyo.

Huko Boise kuna Waswahili kweli au mnatania?

Wapo. Idaho imepokea wakimbizi kwa miaka mingi na Wakongo na Warundi wa Boise ni wengi kiasi kwamba Kiswahili utakisikia mjini. Watoto wao wanakulia kwenye mji ambao kila mtu mzima atakuambia alikuwa amekaa wapi Johnson alipopita na ule mpira.

Nina dakika kumi tu, niangalie nini?

Anzia ikiwa 28 kwa 20, usiruke ule mpira wa Walker hata kama unauma, na kwenye jaribio la mwisho fanya kama nilivyosema kwenye swali la mgongoni.